Baba Alipotafuta Baridi Jangwani

Kiangazi chetu cha kwanza Phoenix, baba aliacha kutoka nje. Ukitoa miaka ya kambini, maisha yake yote aliyaishi kwenye nyanda za juu za Kivu ya Kusini, mahali ambapo ukungu hukaa juu ya nyasi mpaka ng'ombe wamalize kukamuliwa, na mtu mzima havui koti kabla ya saa nne asubuhi. Kwetu, kushuka Uvira, mji wa bondeni kando ya ziwa, kulikuwa safari ya shida. Wanaume walishuka na ng'ombe wa kuuza, wakalala usiku mmoja, na alfajiri yake walikuwa wameshaanza kupanda tena, wakilalamikia joto na mbu. Baba alizoea kusema watu wa Uvira wanastahili pole. Sasa Mungu, kwa mkono wa ofisi ya wakimbizi, alikuwa amemleta mahali ambapo Uvira ingeonekana friji.

Tulipewa nyumba ya chini katika jengo la ghorofa mbili lililozungukwa na uwanja wa kuegesha magari. Tulikuwa wanne: baba, mume wangu, binti yetu wa miaka saba, na mimi. Mama tulimzika kambini. Katika miezi ile bomba la maji baridi lilitoa maji ya moto. Mlango wa gari tuliufungua kwa kitambaa. Binti yangu aliungua paja kwa chuma cha mkanda wa kiti, na alama anayo mpaka leo. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala la vifurushi, mimi niliogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa na mahali pa baridi pa kwenda kila siku. Baba alibaki na kiyoyozi, naye hakukipenda. Alikiita upepo wa sanduku. Tulipofunga tu mlango alikizima, akatundika blanketi dirishani, akakaa na miguu ndani ya ndoo ya maji.

"Baba, usizime hii mashine. Utakufa."

"Inanikohoza, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Na ile ya nje, usiniambie ni jua. Ile ni moto."

Siku moja ya mwezi wa saba nilipigiwa simu nikiwa kazini. Alikuwa dereva wa basi, mwanamke. Alisema amemkuta mzee kwenye njia ya miguu, amevaa koti na kofia, ana fimbo, anatembea katikati ya mchana. Alimpandisha, akampa maji yake mwenyewe ya kunywa, akapata namba yangu kwenye karatasi tuliyokuwa tumeshona ndani ya koti. Nilimkuta baba kituo cha mwisho cha mabasi, amekaa kwenye benchi la ndani, midomo imepasuka, fimbo iko kati ya magoti.

"Baba, ulikuwa unaenda wapi?"

Alinyoosha kidevu kuelekea mwisho wa barabara, ambako kuna mlima wa mawe mekundu unaoonekana kutoka kila mahali mjini. "Kule mulimani."

"Kufanya nini?"

"Mama, mulima ni mulima. Ukipanda unapata baridi. Hata wewe unajua."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Kisha nikaingia ndani ya gari nikalia, naye akanisubiri nimalize. Jioni mume wangu aliposikia habari alifikiri kidogo, akasema, "Bon. Jumamosi tunamupeleka. Aone mwenyewe."

Tulimpeleka. Barabara ilipanda kwa kuzunguka mpaka karibu na kilele. Baba alishuka haraka, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiondoa. Mlima ule ulikuwa umekunywa jua siku nzima, na sasa ulikuwa unalitoa. Alisimama akiangalia mji chini, taa zake na mabwawa yake ya kuogelea, kisha akarudi kwenye gari akafunga mkanda. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Inchi hii hata milima yake imeharibika."

Pengine mambo yangeishia hapo, lakini kazini nilikuwa na mwenzangu, mama mtu mzima wa kutoka Mexico, tuliyekuwa tukigeuza wagonjwa pamoja. Nilimsimulia habari ya baba nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliniambia tulikwenda mlima mdogo. Jangwa hili lina milima mingine, alisema, lakini ni mbali. Uendelee kupanda. Ile miti ya miiba itakwisha, halafu utaona miti yenye majani kama sindano. Ukiiona hiyo, fungua dirisha.

Basi Jumamosi zetu zikawa za kutafuta baridi. Tulianza na Flagstaff, kwa sababu kila mtu aliitaja. Miti ya miiba ikaisha kweli, misonobari ikaanza, mume wangu akafungua dirisha, na baba, aliyekuwa amesinzia nyuma, akaamka akafunga vifungo vya koti huku anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu uwanja wa ndege wa Nairobi. Tulikwenda Flagstaff Jumamosi tatu, tukitafuta nyumba ya kupanga. Lakini watu wote wanaokimbia joto la bondeni walikuwa wameshafika kabla yetu. Kila nyumba ndogo ilikuwa na mtu, na zile tupu zilikuwa za watu wa likizo. Katika ofisi moja walituandika kwenye orodha ya kusubiri, wakatuonyesha ilivyo ndefu.

"Hii ni baridi ya watalii," baba akasema.

Mara ya nne tulikwenda upande mwingine, mashariki, kwenye milima wanayoiita Milima Myeupe. Ni mwendo wa saa nne kwa gari. Katikati ya njia barabara inashuka ndani ya korongo refu hadi mtoni, kisha inapanda ng'ambo ya pili, na gari letu lilipanda likichemka. Tulisimama mara mbili kulimwagia maji. Baada ya korongo ikaja misonobari, na baada ya misonobari kitu ambacho sikuwa nimetegemea: nyasi. Nyasi tupu, vilima vya mviringo vimefunikwa nyasi mpaka mbinguni, na vivuli vya mawingu vinatembea juu yake. Binti yangu aliuliza kwa Kiingereza kwa nini mama analia.

"Simamisha," baba akasema.

Kulikuwa na uzio wa waya, na nyuma yake, mbali kidogo, kundi la ng'ombe. Baba alikwenda mpaka kwenye waya akaita. Ni mwito unaotoka kooni, mrefu, unapanda mwishoni. Nilikuwa sijausikia tangu utoto, na sikujua kama bado anao. Ng'ombe waliinua vichwa. Mmoja akaanza kuja, mweusi, halafu wengine wakamfuata, mpaka wakapanga mstari mbele ya baba wakimwangalia, naye akiwaangalia.

Hivyo ndivyo bibi mwenye ng'ombe wale alivyotukuta. Alikuja na gari la mizigo, akashuka polepole akiegemea fimbo, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, wa umri wa baba au kumzidi. Aliuliza kama tumepotea. Nilisema hapana, baba yangu alikuwa mfugaji, alitaka tu kuona ng'ombe. Nilipokuwa nasema nilijisikia mjinga. Baba hakumwangalia. Alikuwa anaangalia ng'ombe mmoja mwekundu aliyebaki nyuma.

"Mama, mwambie huyu bibi ng'ombe yake anaumwa. Siyo mguu, ni kwato. Kuna kitu kimeingia katikati."

Nilitafsiri. Bibi akasema anajua anachechemea, lakini yeye mwenyewe amepasuliwa nyonga, na mfanyakazi wake ameondoka tangu majira ya kuchipua. Kabla sijamaliza kutafsiri hilo, baba alikuwa ameshapita katikati ya waya. Mume wangu akamwita, "Baba, rudi, ni mali ya watu!" Baba alitembea moja kwa moja, akizungumza na yule ng'ombe kwa sauti ya chini, akamkuna chini ya shingo muda mrefu, akashuka na mkono mgongoni hadi mguuni. Alikuwa ng'ombe mzee aliyezoea watu. Baba akamwita mume wangu alete koleo la kwenye gari. Mmoja alishika mguu, mwingine akavuta. Kilitoka kipande cha waya urefu wa kidole.

Bibi alikitazama kile kipande kwenye kiganja cha baba. Aliuliza amlipe nini. Baba aliomba maji ya kunawa. Alipoletewa alionja kwanza, akanywa yote, akaomba mengine. Yalikuwa maji ya kisima, ya kuumiza meno.

Jikoni kwake tukanywa kahawa. Aliposikia kazi yangu ni kutunza wazee aliniangalia mikono. Watoto wake wako Phoenix, alisema, wanataka ashuke akakae nao. Afadhali afe kuliko kuishi kule chini. Nilimtafsiria baba.

"Mwambie ana akili," baba akajibu.

Aliniomba nije kumtunza, na baada ya wiki mbili tulihamia nyumba ndogo ya mbao nyuma ya zizi lake: baba, binti yangu na mimi. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha bibi, kumpikia, kumkumbusha dawa na kumtembeza ili nyonga isikauke. Mume wangu alibaki Phoenix na ghala lake, tukitumaini atapata kazi huku juu. Alikuja kila Jumamosi.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta baba amesimama nje, mdomo wazi, anapuliza hewa. Nilidhani ana shida ya kifua.

"Naona pumzi yangu," akasema.

Ile miezi ndiyo ninayoikumbuka kuliko miezi yote ya Amerika. Mchana mawingu yalikusanyika, saa tisa mvua ikanyesha kwa nguvu, saa kumi na moja jua likarudi na nyasi zikatoa harufu ile ya kwetu, harufu ambayo sina neno lake. Nilivaa sweta mwezi wa nane. Baba aliamka kabla ya kila mtu, akazunguka uzio mzima kwa miguu, akarudi na habari: nani ana mimba, nani amegombana na nani, ndama gani hanyonyi vizuri. Ng'ombe wa bibi walikuwa wa nyama. Hakuna aliyewahi kuwakamua, na wazo lenyewe lilimchekesha. Baba alichagua mmoja mpole aliyepoteza ndama, na baada ya siku nne za mateke akaja na maziwa kwenye sufuria. Aliyaweka kwenye chupa ya kioo mpaka yakaganda. Bibi alionja kijiko kimoja, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. Kesho yake aliniuliza kama yamebaki.

Jioni walikaa barazani wawili hao, kila mmoja na blanketi lake magotini, wakizungumza. Baba alisema kwa lugha yetu, bibi kwa Kiingereza. Mwanzoni nilikimbia kutafsiri. Baadaye niliona hawanihitaji. Bibi alionyesha ng'ombe kwa fimbo yake akaeleza jambo refu, baba akakubali kwa kichwa, kisha akaeleza lake, refu zaidi, pengine la ng'ombe aliyekufa miaka arobaini iliyopita. Bibi naye akakubali kwa kichwa.

Kaka yangu alipiga simu kutoka Louisville. Yeye alifika Amerika kabla yetu, na kule watu wa kwetu ni wengi.

"Dada, huku kanisani banasema baba ameoa muzungu mwenye ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikampelekea baba habari, nikitegemea atakasirika.

"Wanasema ng'ombe ngapi?" akauliza.

Lakini mume wangu alikuwa anachoka. Kazi hakupata huku juu, ila ya msimu. Saa nne kuja, saa nne kurudi, na lile korongo katikati. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alifika amechelewa, upande mmoja wa gari umekwaruzwa kutoka mbele hadi nyuma. Alikuwa amesinzia, na chuma cha pembeni mwa barabara ndicho kilichomzuia asiingie bondeni. Alikaa jikoni.

"Mama ya mutoto, minaelewa mahali hapa pazuri," akasema. "Lakini hii barabara itaniua. Donc, ni mimi ao ni nyasi?"

Sikumjibu. Naandika hili kwa aibu. Nilikuwa nataka kumjibu, lakini nilichungulia dirishani nikaona baba na binti yangu wanashuka kilimani wakiwa na ndama katikati yao, na jibu halikutoka. Alirudi Phoenix kesho yake bila jibu.

Jibu lilitoka kwingine. Mwezi wa kumi bibi alianguka bafuni alfajiri, kabla sijafika kumwamsha. Nyonga ile ile. Ambulansi ilimpeleka, na watoto wake wakaja na uso wa watu ambao walisema toka zamani. Hawakuwa wabaya. Walinishukuru, wakaniruhusu kukaa mpaka ng'ombe wauzwe. Yalikuja malori mawili. Baba ndiye aliyewapandisha, mmoja mmoja, kwa mwito wake, kwa sababu hawakuwafuata vijana wa malori wenye fimbo za umeme. Niliona anawasaidia kupanda na nikataka kumwambia aache, awaachie wenyewe kazi hiyo. Alipomaliza alinawa mikono, akaingia ndani, akalala na koti.

Tulikwenda kumuaga bibi kule Phoenix, nyumbani kwa binti yake, chumba chenye pazia nene na kiyoyozi kinachonguruma. Alimshika baba mikono yote miwili. Alisema kitu, baba naye akasema kitu, na hakuna aliyenigeukia nitafsiri. Nilisikia yote mawili. Sitayaandika.

Mwezi uliofuata tulihamia Louisville. Kaka yangu alitupatia kazi mimi na mume wangu kwenye kiwanda cha Jeffersontown, na Jumapili tuliimba na watu wa kwetu mpaka saa nane mchana. Kwa mume wangu ilikuwa kama kutoka gerezani. Kisha kiangazi kikaja, kile cha unyevu, shati linagandia mgongoni kabla hujafika kwenye gari. Baba alisimama mlangoni, akanusa.

"Uvira," akasema. "Wametuleta Uvira."

Hata hivyo sikumwona tena na miguu ndani ya ndoo. Alikuwa na wazee wenzake wa kulalamika nao, na nilijifunza kwamba mtu akipata wa kulalamika naye joto linapungua. Baadaye mume wangu alipata ghala lenye mshahara bora Columbus, tukapanga nyumba mtaa wa Linden, na mimi naenda kila siku Clintonville kumtunza mzee mmoja, mwalimu mstaafu, katika mtaa wa miti mikubwa. Baba hakukaa nasi sana. Dada yangu yuko Buffalo, na baba alipokwenda kumtembelea mwezi wa sita alipata upepo wa ziwa, akapiga simu kusema harudi. Tulipompigia mwezi wa kwanza theluji ilikuwa imefika kwenye kitasa cha mlango. Alinililia kwenye simu kwamba alitafuta baridi, hii hakuitafuta. Lakini hakuondoka. Anasema Buffalo mtu anaweza kuvaa koti bila watu kumshangaa.

Binti wa bibi alitupigia mwaka wetu wa pili Columbus. Alisema mama yake amefariki akiwa usingizini. Aliniomba nimwambie baba. Nilimpigia asubuhi, akiwa anakunywa chai, nikamwambia. Nikasikia kikombe kinawekwa. Aliuliza walimzika wapi, chini au juu. Nilisema juu, kule kwenye nyasi, watoto walikubali. Akasema vizuri, akampa dada yangu simu.

Mwaka jana, tukiwa njiani kwenda Buffalo kumwona, nilimuuliza binti yangu, ambaye sasa ni mrefu kunizidi, anakumbuka nini cha Milima Myeupe. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndama, kwa ukungu, kwa babu yake anayeita ng'ombe. Alitoa kisikilizio kimoja sikioni, akafikiri. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hakukuwa na intaneti, na kwamba alikuwa na soksi za sufu alizopewa na yule bibi, zinazowasha, akazivaa kila siku mpaka zikatoboka. Kisha akarudisha kisikilizio. Mume wangu alikuwa anaendesha. Alinitazama kidogo, akanishika goti, tukaendelea.